Tulidhani ni kichwa cha ukoo

Kwetu kichwa kinarithiwa. Bibi mzaa mama alikuwa akikaza kanga kichwani na kujifungia chumbani, dirisha limezibwa kwa gunia, na sisi wajukuu tukikatazwa hata kuburuta ndoo uani. Mama naye hivyo hivyo. Mimi kilinianza nikiwa darasa la sita, na dada yangu mkubwa kilimwanza akiwa chuo cha ualimu. Upande mmoja unapwita, mwanga unachoma, harufu ya dagaa uliyoizoea tangu utotoni inakutapisha. Ukilala gizani siku moja au mbili unaamka mchovu lakini mzima. Kwa hiyo mtu akilalamika nyumbani, jibu lilikuwa moja: "Ni kile kile." Jibu hilo lilimcheleweshea dada yangu matibabu kwa miezi saba.

Naandika kwa ajili ya wenye kichwa hicho, yaani kipandauso, kama mimi, na zaidi kwa wanaoishi nao. Dada amenipa ruhusa.

Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Ukerewe, ameolewa huko. Machi 2023, akiwa na miaka 52, alianza kunipigia simu alfajiri kabla sijatoka kwenda kupokea mzigo. "Mdogo wangu, leo tena kimeniamsha." Neno hilo, kimeniamsha, nililisikia labda mara ishirini na halikunishtua. Kichwa chetu tulikijua. Kinakuja baada ya jua kali au baada ya kukosa usingizi, kinakaa saa kadhaa, kikizidi sana siku tatu, kisha kinakuacha wiki mbili au tatu. Hiki cha dada kilimwamsha saa kumi za alfajiri, kikawa kikali zaidi akilala chali, akikohoa au akiinama kufunga viatu, na kikapungua kidogo akishakaa na kunywa chai. Baadaye akaanza kutapika asubuhi ghafla, bila hata kichefuchefu cha kutangulia. Hakukuwa tena na wiki za mapumziko. Kila mwezi kilikuwa kikali kuliko mwezi uliopita.

Daktari alinieleza baadaye kwamba hata kipandauso humwamsha mtu usingizini, kwa hiyo kuamshwa peke yake si ushahidi wa kitu. Cha kutazama ni kubadilika. Kichwa kilichokuwa na tabia moja kwa miaka 30 kikianza tabia nyingine, hasa mtu akishavuka miaka 50, hicho kihesabiwe kuwa ni kichwa kipya, hata kama kinauma sehemu ile ile.

Dada alikwenda zahanati. Kipimo cha malaria kilitoka hasi, akapewa dawa mseto hata hivyo. Mwezi uliofuata akaambiwa ana taifodi, akachomwa sindano siku tano. Mwezi mwingine, taifodi tena. Presha ilikutwa imepanda kidogo, akaambiwa apunguze chumvi na mawazo. Hakuna aliyemwambia anyooshe mikono mbele afumbe macho, wala aliyemmulika ndani ya jicho. Lakini siwezi kuwatwika wao mzigo wote. Safari moja nilimsindikiza mimi mwenyewe, na dada alipokaa tu kwenye kiti alisema, "Mimi nina kipandauso tangu usichana wangu," nami nikaitikia pembeni kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Tulimpa mganga jibu kabla hajauliza swali.

Likizo ya Juni alikuja kwangu. Hapo ndipo ninapoumia zaidi nikikumbuka, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tukichambua dagaa. Dagaa wa kuanika chini huja na mchanga na vijiwe, na kuwachambua ni kazi ya mikono miwili: huu unatawanya, huu unadonoa. Dada alikuwa anatawanya kwa mkono wa kulia, anasimama, anadonoa kwa mkono huo huo wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kiganja kimetazama juu, na kichwa cha dagaa mmoja kimenasa kati ya vidole kama vile hakuna anayekihisi. Nikamuuliza, "Dada, mkono una nini?" Akasema, "Nimeulalia." Jioni ile kanga ilimdondoka bega la kushoto mara tatu tukitembea kwenda barabarani, na mara zote tatu niliirudisha mimi. Sikuunganisha mambo. Mkono niliuona mkono, na kichwa nikakiona kichwa.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi, vidole vyake vya kushoto vilianza kuruka vyenyewe. Vilianza viwili, vikawa vyote, mtetemo ukapanda hadi kwenye kiwiko, kisha ukatulia. Labda dakika moja. Alikuwa macho, ananitazama, anazungumza. Asubuhi mama mdogo alipoambiwa akasema huo ni upepo. Tukaenda kwa mganga wa kienyeji upande wa Magu. Tulitoa shilingi 180,000 na mbuzi mmoja, dada akachanjwa chale kwenye paji la uso na kwenye kiganja. Sina ugomvi na wanaokwenda huko. Nilikwenda na nilikuwa na matumaini ya kweli. Ninachosema ni kwamba kule kutetemeka ni kifafa cha sehemu moja ya mwili, na mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa akipata cha kwanza ukubwani anatakiwa hospitali, tena bila kungoja. Sisi tulipoteza miezi mingine mitatu.

Aliyemwokoa ni mtu wa miwani. Septemba dada alianza kulalamika kwamba akiinama kuokota chaki halafu akasimama, macho yanafifia kwa sekunde chache, yanakuwa kama yamefunikwa na ukungu, kisha yanarudi. Akadhani ni uzee, akavuka na meli kuja mjini kupima miwani. Kijana aliyempima alimsomesha herufi, akanyamaza, akamtia matone ya kupanua mboni, akamngojesha nusu saa, kisha akamulika nyuma ya macho kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mama, miwani haitakusaidia. Mshipa wa fahamu wa jicho umevimba macho yote mawili. Hiyo ni dalili ya shinikizo ndani ya kichwa. Nakuandikia barua, uende hospitali ya Bugando leo, usilale." Tulilipa shilingi 15,000. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayeniambia kichwa chake kimebadilika namwambia, kama huna njia ya kufika kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, anza kwa mtaalamu wa macho, mwombe akuangalie nyuma ya jicho. Pasipokuwa na uvimbe pale bado haimaanishi uko salama moja kwa moja, lakini pakiwa nao, barua yake inakufungulia milango ambayo maneno yako hayafungui.

Picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, ilipigwa usiku ule ule. Daktari wa zamu alinionyesha kwenye kompyuta: duara jeupe, ukubwa wa limau, upande wa kulia wa kichwa, na pembeni yake kivuli cha maji ya uvimbe kilichosukuma katikati ya ubongo kwenda upande mwingine. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Nilisimama pale nikakumbuka turubai la dagaa.

Uvimbe ule unaitwa meninjioma. Hauoti kwenye ubongo wenyewe, unaota kwenye utando unaoufunika, na unakua taratibu mno, pengine kwa miaka, ukiusukuma ubongo kidogo kidogo. Ni aina inayowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi si saratani. Nilimuuliza daktari swali lililokuwa limenikaba kooni: je, kipandauso chetu ndicho kilichogeuka kuwa uvimbe? Alinijibu polepole, na nimelishika jibu lake kama lilivyo. Kipandauso hakigeuki uvimbe. Mwenye kipandauso anaweza kupata uvimbe kama mtu mwingine yeyote, na akiupata, shida yake kubwa ni kwamba atachelewa kujua, kwa sababu yeye na watu wake wote wameshazoea kusikia kichwa kinauma. Dada alikuwa na magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa linamficha la pili.

Alianzishiwa deksamethasoni ya kupunguza maji yaliyozunguka uvimbe, na dawa ya kuzuia kifafa. Asubuhi ya pili aliamka akaniambia amelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu Machi. Shemeji aliposikia hivyo akasema basi dawa imeshatibu, turudi nyumbani. Ilibidi daktari amweleze kwamba dawa ile imepunguza maji tu, uvimbe wenyewe bado upo. Nawasihi pia msiinunue dukani mkajitibu nayo. Inapandisha sukari, inadhoofisha kinga, na haiachwi kwa siku moja kama panadol.

Siku sita zilipita bila uamuzi, na zilikuwa ndefu kuliko ile miezi saba. Baba mdogo alipiga simu kutoka kijijini akasema kichwa hakifunguliwi, aliyefunguliwa kichwa harudi akiwa yule yule. Shemeji alikuwa anaogopa na hakutaka kusema anaogopa. Kilichosaidia ni daktari wa upasuaji kumwita yeye peke yake, kumweka mbele ya picha, na kumwacha aulize yote: fuvu linafunguliwaje, linafungwaje, atanifahamu, atafundisha tena? Hakumwahidi kila kitu. Alimwambia wazi kwamba mkono unaweza kulegea zaidi kabla haujapata nafuu, na kwamba kuna hatari ya damu na ya maambukizi. Shemeji alitoka pale akasaini. Kama una mgonjwa wa namna hii, mpeleke mwenye kauli ya mwisho katika familia yenu akaongee na daktari ana kwa ana. Wewe usiwe mjumbe. Mimi nilibeba ujumbe siku sita na kila safari ulipungua uzito.

Dada ana kadi ya bima ya afya ya NHIF kwa sababu ya ajira yake, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana ilibeba picha, kitanda na upasuaji wenyewe. Lakini msidhani bima inamaliza gharama. Chumba cha kulala sisi wauguzaji, chakula, meli za ndugu kuvuka kwenda na kurudi, nepi za watu wazima, dawa moja iliyokosekana tukainunua nje, bodaboda za usiku, vocha. Niliandika zote: shilingi 1,460,000 kwa wiki tano, bila kuhesabu giza zima la Oktoba, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, nililokaa bila kupokea mzigo hata ndoo moja. Niliuza friji. Tuliambiwa pia ndugu wachangie damu, na hapa nataka kuwataja kwa heshima wavuvi wanne wa mwaloni waliopanda kile kilima cha Bugando wametoka ziwani, hawajalala, wakatoa damu, wakashuka kwenda kutengeneza taa zao. Kama mna upasuaji mbele, anzeni kutafuta wachangiaji mapema. Kutafuta mtu wa kutoa damu saa mbili kabla ni mateso.

Upasuaji ulichukua saa tano. Nilikaa nje nikilitazama ziwa na sikumbuki niliwaza nini.

Aliamka. Alitufahamu. Mkono ulikuwa dhaifu kuliko kabla, kama tulivyoonywa, na wiki mbili za kwanza hakuweza kushika hata kijiko. Nywele zake ziliponyolewa niliona mvi ambazo sikujua anazo. Kinyama kilipelekwa maabara, na majibu yalipokuja baada ya wiki kadhaa yalisema meninjioma daraja la 1, si saratani. Mazoezi ya mkono alifanyishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nyumbani akaendelea kwa kukanda unga wa chapati. Dawa za kifafa aliambiwa asiache kwa uamuzi wake, hata akijisikia mzima, maana kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya. Na picha lazima irudiwe, kwa sababu uvimbe kama huo unaweza kuota tena.

Hapo dada alianza kupona na mimi nikaanza kuumwa. Kila kichwa changu kilipopwita niliona limau. Desemba nzima sikulala vizuri. Nilikuwa nanyanyua mkono wa kushoto gizani kuona kama unanitii. Dawa za maumivu nilimeza kila siku, asubuhi kwa kuzuia na jioni kwa kutibu. Januari 2024 nikakusanya shilingi 250,000, nikaenda kwenye kituo kimoja cha picha bila kupita kwa daktari yeyote, nikalipia CT taslimu. Karatasi ilisema hakuna tatizo. Nilishukuru kwa siku mbili, ya tatu kichwa kikaja kama kawaida na nikaanza kujiuliza kama waliisoma vizuri. Ile pesa ilinunua siku mbili tu za amani, kwa kuwa hakuna aliyenieleza ninaumwa nini.

Nilipoonana na daktari bingwa alinipima kwa dakika ishirini kwa tochi, nyundo ndogo na kuniambia nitembee kisigino kwa kidole. Alinimulika macho. Kisha akaniambia kwamba kipandauso kina watu zaidi ya bilioni 1 duniani, wakati uvimbe wa ubongo ni ugonjwa wa wachache sana, na kwamba kichwa kinachorudi kwa sura ile ile miaka yote, huku mwili ukipimwa na kukutwa sawa, ni nadra sana kuwa na uvimbe nyuma yake. Wengine wanahitaji picha, alisema: aliyebadilikiwa kama dada, aliyepata kifafa, aliyelegea upande, anayebadilika tabia au kusahau vitu, mwenye saratani mahali pengine. Mwenye virusi vya UKIMWI anayeumwa kichwa kwa siku nyingi naye asikae nyumbani, kwake kuna homa ya uti wa mgongo inayokuja polepole. Na kichwa kinachokupiga ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kuvipata, au kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, hicho hata siku moja hakingoji.

Mimi huwa naona mistari ya kung'aa iliyopinda-pinda kabla ya kichwa kuanza, na tangu uvimbe wa dada ilikuwa inanitia hofu. Alinieleza tofauti. Ya kipandauso inaanza kidogo, inasambaa taratibu, na kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya saa moja. Mkono wa dada haukuisha. Lakini kwa sababu ya mistari ile alinitoa kwenye vidonge vya uzazi wa mpango nilivyokuwa natumia, vile vyenye estrojeni, kwa kuwa vikikutana na kipandauso cha aina hiyo vinaongeza hatari ya kiharusi. Nilivitumia miaka minne na sikuwahi kuulizwa kuhusu kichwa, wala mimi sikusema.

Kisha akataka kujua nameza dawa siku ngapi kwa mwezi. Sikujua. Akaniambia nikaandike. Nilikuwa na daftari la madeni, lile ninaloandika nani kachukua gunia ngapi, basi pembeni ya kila tarehe nikaweka alama: msalaba kwa kichwa, duara kwa kidonge. Mwezi ulipoisha nilikuwa na misalaba 16 na maduara 22. Alipoyaona alisema dawa yenyewe ndiyo inayoniumiza sasa. Dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 za mwezi au zaidi, miezi mitatu ikipita, huanza kuzalisha kichwa chake zenyewe, na zile za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja kwenye kidonge kimoja, hufanya hivyo kwa siku 10 tu. Niliziacha. Siku tisa za kwanza zilikuwa mbaya sana, nisiwadanganye, na ningejua mapema nisingechagua wiki ya mzigo. Nikaanza amitriptilini kidogo usiku, ya kuzuia. Kufikia Aprili misalaba ilikuwa mitano.

Daftari lilinionyesha jambo jingine. Tangu zamani nilisadiki kichwa changu kinafuata mwezi, na bibi alisadiki hivyo pia. Kweli misalaba ilikuwa inajikusanya wakati wa giza na kupotea wakati wa mbalamwezi. Lakini giza ndilo wakati wa dagaa: wavuvi wanaingia na taa usiku, mimi naamka saa tisa, nashinda bila kula hadi saa sita mchana, na jua likipiga kwenye dagaa waliotandazwa, weupe kama bati jipya, linaingia machoni moja kwa moja. Mbalamwezi ikitoka kazi inasimama, nalala, nakula. Sasa wakati wa giza nabeba chupa ya uji na kofia pana, na kijana wangu ndiye anayesimama kwenye vichanja saa za jua kali.

Nikienda kwa daktari siku hizi sianzi na "nina kipandauso". Naanza na kilichobadilika tangu mara ya mwisho, kama kipo, na naweka daftari mezani. Dada naye nimemnunulia lake. Alirudi darasani Julai, anaandika ubaoni kwa wa kulia kama zamani, na wa kushoto unashika kitabu, ingawa kikiwa kizito anakiegemeza kifuani. Kichwa cha ukoo bado kinampata, mchana, baada ya jua, upande mmoja. Akipiga simu namuuliza mambo matatu: kimekuamsha? mkono? macho? Anajibu moja moja, na simkatizi.

Picha yake inayofuata ni Februari. Nauli ya meli na ya chumba nimeshaiweka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nimewaambia wanawake wenzangu kwamba hiyo haikopwi.